MAUA KWA MBOYA, NJAA KWA WATU WA GATINI



Kila ifikapo tarehe 5 Julai, wakubwa wa nchi hii hukumbuka kwamba alikuwako mtu jina lake Tom Mboya. Siku hiyo hotuba ni nyingi. Hutajwa kisiwa cha Rusinga, hutajwa kaburi lake lililojengwa kwa umbo la risasi, hutajwa ndege iliyowachukua wanafunzi 81 kwenda Marekani mwaka 1959. Maua huwekwa, picha hupigwa, kisha magari makubwa huondoka na vumbi lao. Nasi hatumkatazi mtu kumwekea marehemu maua. Mboya alikuwa mwenzetu kabla hajawa waziri, na kila mwenye kumkumbuka twamshukuru.

Lakini iko hesabu moja ambayo haijafungwa.

Mwaka 2019 ilitimia miaka 50 tangu Mboya auawe kwa risasi mjini Nairobi, katika njia iliyokuwa ikiitwa Government Road na ambayo siku hizi ni Moi Avenue. Julai ya mwaka huo yalisemwa mengi juu yake. Siku 29 baadaye, yaani tarehe 3 Agosti 2019, Halmashauri ya Bandari na Mamlaka ya Ushuru zikatoa waraka kwamba mizigo iingiayo kwa ajili ya Nairobi na bara isishughulikiwe tena Mombasa, bali ipakiwe katika treni ya reli mpya ikatolewe ushuru huko huko bara. Julai maua, Agosti waraka. Aliyelala Rusinga alisifiwa kwa kuwatetea watu wa bandari, na watu wenyewe wa bandari wakaambiwa wakae kando.

Twataka kusema wazi jambo hili linavyotukera, na kwa nini twaliona kuwa ni jambo moja, si mawili.

Vijana wengi walio kazini leo hawakumjua Mboya, nao wamefundishwa tu kwamba alikuwa msemaji hodari mwenye nguo nzuri. Basi wasikie. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la katani huko Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa ameajiriwa. Mtoto wa watu wa Rusinga, lakini amezaliwa kambini kwa sababu baba amekwenda kutafuta kazi. Wangapi kati yetu wamezaliwa hivyo hivyo? Alisomea kazi ya afya, akaajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi, na huko akaona mkaguzi Mwafrika akilipwa kidogo kuliko Mzungu kwa kazi ile ile. Hapo ndipo alipoingia katika chama. Mwaka 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyote vya wafanya kazi nchini.

Tukumbuke ulikuwa wakati gani. Chege Kibachia, aliyeongoza wafanya kazi wa Mombasa mwaka 1947 mji ulipogoma, alikamatwa mwaka huo huo akahamishiwa Kabarnet. Makhan Singh alikamatwa Mei 1950. Fred Kubai alichukuliwa Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa. Kila aliyeinua kichwa alikatwa mbio. Mtu akisema neno "mshahara" kwa sauti kubwa, aliangaliwa kama mtu wa msituni. Katika giza hilo, mwezi wa Machi 1955, makuli wa Kilindini wakaacha kazi.

Hawakuacha kazi kwa anasa. Mombasa ilikuwa ghali, nyumba hazitoshi, na kazi ya gatini kwa miaka mingi ilikuwa ya kutwa. Wasimama langoni alfajiri, serangi akikutaka waingia, asipokutaka warudi nyumbani mikono mitupu. Magunia ya kahawa, marobota ya katani, saruji ya kukata pumzi, yote yalipanda na kushuka kwa mabega ya watu na winchi. Serikali ingeweza kuleta askari, na wako waliotaka iwe hivyo. Mboya akapanda ndege akaja. Alikuwa na miaka 24. Akawasikiliza makuli, akawaomba warudi kazini wakati madai yao yakizungumzwa, naye akaenda kukaa mezani na waajiri. Mwisho wake baraza la usuluhishi likatoa nyongeza iliyofikia 33 kwa mia.

Hatusemi kwamba alikuwa malaika. Wako wazee wa Mombasa ambao hawakumpenda, na si wajinga. Walisema alikuwa karibu mno na fedha za Wamarekani, na ni kweli kwamba nyumba ya Solidarity pale Nairobi ilijengwa kwa msaada wa vyama vya Marekani. Walisema alipokuwa serikalini alikifunga kidomo chama kwa sheria na mikataba. Denis Akumu, aliyekuwa katibu wa chama cha makuli, alipambana naye kwa miaka, naye Akumu alikuwa mtu wa wafanya kazi kama yeye. Hayo tunayajua na hatuyafichi. Chama chenye kuogopa historia yake si chama. Lakini hata adui zake hawakumnyima sifa moja: jambo la kazi za watu, yeye alitaka lizungumzwe na watu wenyewe kabla halijaamuliwa.

Hiyo ndiyo amana aliyotuachia. Alipokuwa Waziri wa Kazi mwaka 1962, Oktoba, serikali na waajiri na vyama vya wafanya kazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Kazi. Mkataba ule uliwafunga tajiri na mfanya kazi wazungumze na wasikilizane kwanza. Sisi tulilipa bei yake. Tena mwaka 1964, katika mapatano ya pande tatu, serikali iliahidi kuongeza watu wa kazi kwa 15 kwa mia na waajiri wa binafsi kwa 10 kwa mia, na vyama vikakubali kutogoma na kutodai nyongeza kwa muda wa mwaka mmoja ili wasio na kazi wapate nafasi. Yaani wenye kazi walijinyima kwa ajili ya wasio na kazi. Mtu akija kutuambia ati vyama vina choyo, ati twajali wanachama wetu tu, na asome mapatano yale kwanza.

Sasa turudi kwenye waraka wa 2019. Nani aliitwa mezani? Dereva wa lori hakuitwa. Karani wa wakala wa forodha alisikia habari kama mtu anavyosikia habari za msiba wa jirani.

Wako wanaouliza: kontena moja kupanda treni badala ya lori, hasara yake ni nini? Hawa ni watu wasiopata kusimama Changamwe hata siku moja. Ngoja tuwafuatishie kontena.

Kontena likishushwa melini na kuwekwa uwanjani, karani wa wakala huenda na karatasi zake, huyo ni mtu mmoja na ofisi yake na mfagiaji wake. Likipelekwa katika bohari za makontena za Changamwe, Jomvu au Miritini, huko kuna mlinzi wa lango, kuna wa mashine ya kuinulia, kuna karani wa kuhesabu, kuna wapakuaji wanaolipwa kwa siku. Lori linalokuja kulibeba lina dereva na msaidizi wake. Lori lina magurudumu zaidi ya kumi, na magurudumu hutoboka: hapo yuko fundi wa pancha. Injini hukohoa: hapo yuko makanika, na kijana anayejifunza kwake. Dereva akingoja zamu yake hula, na chakula hicho kimepikwa na mama aliyeamka saa kumi za usiku kukanda unga wa chapati. Mama huyo naye amenunua makaa kwa mtu na maji kwa mwenye mkokoteni. Lori likiondoka hulala Mariakani, au Voi, au Mtito Andei, na kila linapolala liko jiko linalowaka kwa ajili yake na chumba kilichotandikwa. Hivi ndivyo kontena moja linavyokwenda njiani likidondosha shilingi, kama gunia lililotoboka linavyodondosha mahindi, na kila kituo kina kuku wake.

Sasa litoe kontena hilo gatini moja kwa moja, liweke juu ya behewa, lifungue Embakasi. Shilingi zote zile zimepita juu ya vichwa vya watu bila kusimama. Hakuna aliyeachishwa kwa barua. Mama wa chapati hakupewa notisi. Aliona tu benchi lake halina mtu. Ndiyo sababu hesabu za wakubwa hazimwoni, maana wao huhesabu barua.

Na kwa nini ililazimu iwe hivyo? Si kwa sababu wenye mizigo walipenda treni. Kama treni ingekuwa rahisi na nyepesi kuliko lori, tajiri angeifuata mwenyewe bila kusukumwa. Tajiri hahitaji waraka ili aone faida. Sababu ni deni. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ilijengwa kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, treni ya abiria ikaanza mwaka 2017 na ya mizigo mwaka 2018. Halmashauri ya Bandari ikafungwa kwa mapatano kwamba itapeleka katika reli hiyo mizigo isiyopungua kiasi fulani kila mwaka, na ikipungua, ilipe upungufu. Basi reli ikawa na njaa, na ili ishibe ikalishwa kazi za watu wa pwani. Deni likatiwa sahihi na watu wenye kalamu, likalipwa na watu wenye kuli na pancha. Sisi hatukuona hata sura ya karatasi zenyewe. Mikataba ya mkopo ilianza kuonyeshwa wananchi Novemba 2022 tu, miaka mitano baada ya treni kuanza kwenda.

Tutaambiwa twapinga maendeleo. Hii ni nyimbo ya zamani sana. Mashine za makontena zilipokuja Kilindini, genge la watu wengi likawa la watu wachache, na waliobaki walijifunza mashine hizo wakaziendesha vizuri. Wafanya kazi wa reli ni ndugu zetu tangu enzi za mkoloni, na wao pia wamegoma na wamekula virungu. Treni inapunguza malori barabarani, na mwenye kumzika ndugu yake aliyekufa katika ajali ya Mombasa Road hawezi kuidharau. Reli na iwepo. Tunachokataa ni amri. Mwenye mzigo achague, treni ishindane na lori kwa bei na kwa upesi, na mwenye kupoteza kazi ajue mapema na atayarishiwe kazi nyingine. Kumfunga mtu mikono na miguu halafu kusema ameshindwa mbio, hayo si maendeleo.

Tena tutaambiwa, na hili ni baya zaidi, kwamba twaleta ukabila wa pwani na bara. Hapa Mboya mwenyewe anatusaidia. Yeye hakuwa mtu wa Mombasa. Makuli aliokuja kuwasemea mwaka 1955 walikuwa Wamijikenda, Wakamba, Waluo, Wataita, Waswahili wa mji, watu wa kila upande waliokutana katika jasho. Kwetu sisi mwenyeji wa bandari ni yule ambaye sufuria yake inategemea bandari, awe alizaliwa Likoni au Siaya. Mfanya kazi wa Embakasi hatumwiti mwizi. Yeye alipewa mzigo aubebe akaubeba, kama tungefanya sisi. Na tumwulize yeye: kazi zilizoondoka Mombasa, zote zilifika kwako? Mama wa Mariakani alipofunga jiko, jiko lake lilifunguliwa Nairobi? Nyingine zilifika, nyingi zilipotelea njiani. Wakubwa wangependa sana tugombane hapo, yeye na sisi, huku wao wakipita katikati.

Watu wa Mombasa hawakukaa kimya. Mwaka 2019 waliandamana, wakaifanya Jumatatu kuwa siku yao ya kulia, na moshi wa kutoza machozi waliuonja. Waraka ukasimamishwa, lakini wenye malori wakaendelea kulalamika. Kesi ikapelekwa mahakamani, na tarehe 6 Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema kwamba amri zile, ya Machi 2018 na ya Agosti 2019, zilivunja katiba, kwa kuwa zilitolewa bila wananchi kushirikishwa. Tafadhali yasomeni maneno hayo mara ya pili. Majaji walisema kwa lugha ya sheria jambo lile lile ambalo Mboya alilifanya katika meza ya 1955 na ambalo lilitiwa sahihi mwaka 1962. Miaka 58 baada ya mkataba, mfanya kazi anahitaji kwenda kortini kudai aulizwe!

Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto aliagiza kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Tulishangilia, hatukatai. Lakini tuliposhangilia tulisahau jambo: kile kilichoondolewa kwa amri kilirudishwa kwa amri. Kinywa kilichotoa kinaweza kutwaa. Na haukupita hata mwaka mzima kabla ya kusikia maneno mapya. Mwaka 2023 ikatangazwa nia ya kukodisha sehemu za bandari, gati na uwanja wa makontena, kwa makampuni ya binafsi. Makuli wakaja juu, na walikuwa na haki. Hakuna aliyewaonyesha karatasi ya kusema: watu walioko kazini watakuwa wangapi baada ya kukodisha, pensheni yao italindwa na nani, chama chao kitatambuliwa na tajiri mpya au hakitatambuliwa.

Wenzetu wa viwanja vya ndege walionyesha njia. Serikali ilipotaka kulikodisha kwa kampuni ya Adani ya India uwanja wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30, wafanya kazi wa ndege waligoma tarehe 11 Septemba 2024, ndege zikakaa chini, na kabla Novemba haijaisha mpango ukafutwa. Iko na sababu nyingine iliyoufuta, kesi ya huko Marekani juu ya mwenye kampuni, na hatutaki kujisifu kwa kilichofanywa na wengine. Lakini kama wafanya kazi wasingegoma, Novemba ingekuta karatasi zimekwisha tiwa sahihi.

Kwa hiyo mtu anayetaka kumheshimu Mboya tunampa kazi ya kufanya. Iwe sheria, isiwe hisani, kwamba hakuna gati litakalokodishwa wala mzigo utakaohamishwa kwa amri kabla chama cha wanaofanya kazi hiyo hakijaonyeshwa mapatano yote, kurasa zote, pamoja na deni lililo nyuma yake. Tajiri mpya akija, awachukue watu waliopo pamoja na miaka yao ya kazi na chama chao. Mashine mpya ikiletwa, anayefundishwa kwanza awe yule ambaye kazi yake itachukuliwa na mashine hiyo. Mboya hakuwapeleka wale vijana 81 ng'ambo kutazama theluji. Aliwapeleka ili wakirudi washike kazi zilizokuwa mikononi mwa wageni. Itakuwa aibu kubwa watoto wa watu wa bandari wakose ujuzi wa kuendesha kreni iliyoko mlangoni pao.

Matawi yote yanaagizwa hivi. Kila mwakilishi aandike majina ya watu waliopoteza kazi kwa sababu ya mizigo kuhamishwa tangu mwaka 2018: jina, kazi aliyokuwa akifanya, alichokuwa akipata kwa siku au kwa mwezi, na anafanya nini sasa. Wasiachwe wasio wanachama. Mama wa chapati aandikwe, fundi wa pancha aandikwe, mwenye mkokoteni wa maji aandikwe. Mwandiko uwe wa kusomeka, maana mara nyingine tumeletewa karatasi zilizoandikwa kama mguu wa kuku. Ziletwe ofisini kabla ya tarehe 5 Julai. Na siku hiyo mkubwa yeyote atakayekuja kusema habari za Mboya mbele ya wafanya kazi, tutampa orodha hiyo kwanza aisome kwa sauti, jina baada ya jina, mpaka mwisho. Akimaliza, tutampisha aweke maua yake.